Picha kwenye runinga, sauti kwenye sabufa, waya hakuna: maswali ya wasomaji

SWALI: Habari za kazi. Nina laptopu ya Windows 10 na runinga janja ya inchi 43. Nyumbani hatuna Wi-Fi, tunategemea bando la simu. Filamu zangu zimo ndani ya laptopu. Naweza kuzirusha kwenye runinga bila waya wa HDMI? Na bando litaliwa kiasi gani?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Bando halitaguswa. Kinachofanya kazi hapo ni Miracast, ambayo Windows imekuwa nayo tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013. Laptopu na runinga huongea zenyewe kwa mawimbi ya Wi-Fi, bila rauta na bila intaneti. Wi-Fi ya laptopu iwe imewashwa, basi; si lazima iwe imeshika mtandao wowote.

Kwanza pima kama laptopu yako inaweza. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri la Windows), andika `netsh wlan show drivers`, piga Enter, kisha shuka hadi mstari wa "Wireless Display Supported". Ukisoma Yes, endelea. Ukisoma No, usikate tamaa mara moja: mstari huohuo unakuonyesha mgomvi ni nani, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya skrini au draiva ya Wi-Fi. Mara nyingi dawa ni kupakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Kadi ya Wi-Fi ikiwa ya zamani mno, hapo hakuna draiva itakayokuokoa.

Upande wa runinga, iweke katika hali ya kupokea. Jina linabadilika kwa kampuni: Samsung huita Screen Mirroring, LG Screen Share, Hisense nyingi Anyview Cast. Iache kwenye ukurasa huo. Kwenye laptopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, subiri jina la runinga litokee, lichague. Ikidai namba ya siri, itasomeka kwenye kioo cha runinga. Picha ikishatokea, bonyeza Windows na P, uchague "Second screen only". Wengi huacha "Duplicate", halafu wanalalamika picha haina makali. Sababu ni kwamba vioo viwili vinalazimishwa kufuata kipimo kimoja, na mara nyingi kinachofuatwa ni kile kidogo cha laptopu.

Utakutana na ushauri wa kuongeza kipengele cha "Wireless Display" kwenye mipangilio. Achana nao. Kile ni cha kuigeuza laptopu kuwa mpokeaji wa picha, na wewe unarusha.

Picha ikikwamakwama, angalia kama laptopu imeshika hotspoti ya simu wakati huohuo. Kadi ya Wi-Fi inakuwa inahudumia sehemu mbili kwa zamu, na kama ziko kwenye chaneli tofauti, filamu ndiyo inayoumia. Kata hotspoti mpaka filamu iishe. Zima na VPN kama unayo. Runinga isipoonekana kabisa, chunguza ulinzi wa programu ya antivairasi.

SWALI: Salamu alaikum. Mimi picha nimeifikisha kwenye TV kwa njia hiyo ya Windows na K. Nikaunganisha spika ya Bluetooth na laptopu ili sauti iwe kubwa. Sasa midomo inatangulia, sauti inafuata nyuma, tena inakatika. Spika ni mbovu?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waalaikum salaam. Spika ni nzima, njia ndiyo mbaya. Umeipa laptopu kazi mbili za kurusha, picha kwa Wi-Fi na sauti kwa Bluetooth. Katika laptopu nyingi kazi hizo zinafanywa na kadi moja, tena Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi nyingi za nyumbani. Kukatika kunatoka hapo. Kuchelewa nako kuna sababu yake: Bluetooth hufungasha sauti kabla ya kuituma, na spika huifungua kabla ya kuitoa. Sehemu ya tano ya sekunde hupotea hivihivi, na jicho linaona.

Spika iunganishwe na chombo kinachoonyesha picha. Kwako ni TV. Ziondoe kwanza laptopu na spika katika kujuana: kwenye mipangilio ya Bluetooth ya laptopu, chagua "Remove device" kwenye jina la spika. Ukiruka hatua hii, spika ikiwashwa tu itakimbilia laptopu, kwa kuwa inamkumbuka mwenyeji wa mwisho. Kisha bonyeza kitufe cha Bluetooth cha spika hadi taa ianze kumetameta haraka, nenda kwenye menyu ya sauti ya TV, fungua sehemu ya kuchagua pa kutolea sauti, chagua Bluetooth. Kwenye laptopu bofya alama ya spika pembeni chini, uhakikishe sauti inaelekea TV.

Ikibaki kuchelewa kidogo na unatumia VLC (programu ya kuchezea filamu) kwa faili zako, bonyeza herufi J. Kila bonyezo huivuta sauti mbele kwa milisekunde 50. Tatu au nne mara nyingi hutosha. K hurudisha nyuma. Mipangilio ya TV yenyewe kwa kawaida huweza kuichelewesha sauti tu, na tatizo lako ni kinyume.

SWALI: Runinga yetu si janja, ila ina HDMI. Nilinunua kile kidude cha kuchomeka nyuma cha kupokea picha. Kinawaka, baada ya dakika chache kinazima na kuwaka tena. Pia sabufa yetu ni ya zamani, haina Bluetooth.
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Kidude hicho kinalia njaa ya umeme. Bila shaka umekipa umeme kutoka tundu la USB la runinga. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500, na vidude vingi hivi vinataka ampia 1 kazi ikipamba moto. Tumia chaja ya simu ya volti 5 na ampia 1 au 2, na waya mfupi. Waya mrefu mwembamba hupoteza umeme njiani. Bati la nyuma ya runinga nalo huzuia mawimbi, kwa hiyo kiunganishi kifupi cha HDMI kitakachokitoa kidude pembeni ni fedha iliyotumika vizuri. Kama laptopu haikioni, tazama kitufe kidogo ubavuni mwake: vingi huhama kati ya Miracast na hali nyingine kwa kitufe hicho.

Kuhusu sabufa, kama iko chini ya runinga, nunua waya wenye pini moja ya hedifoni na pini mbili za nyekundu na nyeupe, umalize. Hauchelewi wala haukatiki. Ikiwa iko upande wa pili wa sebule, utahitaji vifaa viwili vya Bluetooth: kirushaji kwenye runinga, alama yake TX, na kipokeaji kwenye sabufa, RX. Watu hununua vipokeaji viwili, kisha vinatazamana. Sabufa ikianza kuvuma, kipokeaji kipe chaja yake badala ya USB ya sabufa.

SWALI: Mimi natumia MacBook, hiyo Miracast siioni popote.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Hutaiona, Apple hawakuiweka. Njia yako ni AirPlay, ya Apple wenyewe ya kurusha picha: runinga iwe inaikubali, na vyote viwili viwe kwenye Wi-Fi moja. Fungua Control Center, kisha Screen Mirroring. Kama runinga ni ya Google TV, fungua Chrome, bofya vidoti vitatu, chagua Cast. Wi-Fi ya pamoja ya jengo mara nyingi huzuia vifaa visionane hata vikiwa na nywila moja. Hapo weka MacBook na runinga kwenye rauta yako mwenyewe.