Nimehamia Mombasa katikati ya mwaka: ritani niipeleke wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, hadi mwisho wa Julai mwaka jana nilikuwa karani wa ghala hapa Tanga. Tarehe 1 Agosti nilianza kazi katika kampuni moja ya Mombasa. Mke wangu na watoto wamebaki nyumbani kwetu, nami huwarudia kila mwisho wa mwezi kupitia mpaka wa Horohoro. Waajiri wote wawili wamenikata kodi kwenye mshahara. Je, bado natakiwa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi, na kwa nchi ipi?
Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, unatakiwa kuipeleka kwa zote mbili, ingawa kwa sababu tofauti.

Sheria za kodi ya mapato za Tanzania na Kenya, zinazofanana sana katika jambo hili, hazikutambui kuwa mkaazi kwa uraia wako bali kwa nyumba yako na siku zako: ni mkaazi mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwepo hata sehemu ya mwaka, au aliyekaa siku 183 na zaidi katika mwaka huo. Kabla ya Agosti ulikuwa umekwisha kukaa Tanga zaidi ya siku 200, na nyumba bado ni yako, hivyo kwa mwaka jana wewe ni mkaazi wa Tanzania bila ubishi. Kuanzia Agosti hadi Desemba ni siku 153 tu, hata kama usingerudi nyumbani hata mara moja. Ikiwa huko Mombasa umepanga chumba cha kazini tu, kwa maoni yangu huko hukuwa mkaazi. Jambo hili si dogo, kwa kuwa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi hupewa wakaazi peke yao. Angalia kama mwajiri wako alikupunguzia.

Mkaazi wa Tanzania hutozwa kwa kipato chake chote, pamoja na kile cha nje. Mfanyakazi aliyekuwa na mwajiri mmoja tu anayekata kodi hapa husamehewa ritani, lakini wewe umekuwa na wawili, na wa pili haikatii Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) chochote. Mshahara wa Mombasa utauonyesha kwenye ritani ya Tanzania, kisha utaomba kodi uliyolipa Kenya ipunguzwe kwenye kodi yako ya hapa, kwa kiwango kisichozidi kile ambacho Tanzania ingetoza kwenye kipato hicho hicho. Bila ushahidi wa malipo hutapata unafuu huo.

Kwa upande wa Kenya, mshahara wa kazi iliyofanyika huko hutozwa kodi huko, uwe mkaazi au usiwe. (Usishangae kusikia kodi ikiitwa ushuru, neno ambalo sisi Tanga tumelizoea zaidi sokoni na bandarini.) Mwombe mwajiri fomu P9, yaani taarifa ya mshahara wako na kodi iliyokatwa, nawe upeleke ritani kwa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) kwa PIN, namba yako ya mlipakodi. Nchi zote mbili huhesabu mwaka kuanzia Januari hadi Desemba, na siku ya mwisho ni 30 Juni.

Mwajiri wako wa Tanga alipaswa kukupa cheti cha kodi aliyokata ndani ya siku 30 tangu ulipoacha kazi. Kama hukupewa, kidai sasa. Mihuri ya Horohoro, iliyo ushahidi wa siku zako, nayo usiipuuze, hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu mwaka huu huenda ukapita siku 183 Kenya huku nyumba ingali Makorora, na hapo nchi zote mbili zitakuita mkaazi wake.