Mpira wa kulishia kwa mjamzito anayetapika: usiiamini plasta

Kwa muuguzi mpya wodini: mjamzito anayetapika kupita kiasi, mpira wake wa puani hauchelewi kuhama. Asubuhi ncha iko tumboni. Mchana, baada ya kutapika mara mbili, imepanda kooni au imejikunja nyuma ya ulimi, na plasta puani haijabanduka hata kidogo.

Kabla ya kuuingiza, pima toka ncha ya pua hadi kwenye ndewe, kisha hadi chembe cha moyo. Namba 8 au 10 inatosha. Mnene zaidi unamkera koo na kumtapisha. Ukishauweka, tia alama ya kalamu pale unapoingilia puani na uandike sentimita kwenye faili.

Vuta majimaji kwa sirinji, yajaribu kwa karatasi ya pH, inayopima asidi ya tumbo. Ikisoma 5.5 au chini, lisha. Mtego uko hapa: wengi wa wagonjwa hawa wako kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hivyo asidi imepungua, na karatasi inasoma 6 ingawa mpira uko mahali pake. Usibahatishe. Mlalishe ubavu wa kushoto, ngoja kidogo, vuta tena. Ikibaki hivyo, aende eksirei ya kifua. Mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno, ila chakula kikiingia mapafuni kinaweza kumuua mama. Ule mtindo wa kupuliza hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu uache kabisa: mlio husikika hata mpira ukiwa pafuni.

Upimaji huu hurudiwa kabla ya kila mlo na kila dawa, na kila anapotapika au kukohoa sana. Ndiyo, hata usiku.

Aliyekaa siku nyingi bila kula apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya mlo wa kwanza au dripu ya sukari, la sivyo ubongo unaweza kudhurika. Mlo uanze kidogo kidogo, na potasiamu, fosfeti na magnesiamu zipimwe kila siku mwanzoni, kwa kuwa hushuka ghafla mwili unapoanza kupokea chakula.

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, abaki hivyo saa nzima baada ya mlo. Suuza mpira kwa maji mililita 30, kwa sirinji ya 50. Ndogo ina presha kali, hupasua mpira. Uji mzito huuziba.

Akikohoa, akihema kwa shida au sauti ikibadilika katikati ya mlo, simamisha mlo kwanza, ndipo umwite daktari.