Mionzi ya anga za juu na macho ya wanaanga

Dada, umeuliza kama ni kweli kwamba wanaanga huona mwanga wakiwa wamefumba macho. Ni kweli. Mwanaanga Mmarekani Buzz Aldrin alilieleza jambo hilo baada ya safari ya Apollo 11 ya kwenda mwezini mwaka 1969, na wenzake wa safari zilizofuata, walipokaa gizani kwa makusudi, walihesabu mmweko mmoja kwa wastani wa kila dakika 3 hivi, vidoa au michirizi myeupe, kwa sababu chembe za mionzi zilipenya hadi ndani ya jicho na kupita kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mimweko yenyewe hupita. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lenzi ya jicho, ambayo haina njia ya kutupa seli zake zilizoharibika, hivyo madhara hujikusanya hadi kuwa mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi. Utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa wanaanga ambao lenzi zao zilipata zaidi ya milisiverti 8 (kipimo cha mionzi) walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuupata. Ni ukungu uleule mweupe niliouona katika mboni ya bibi yangu hapa Ngamiani, Tanga, aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano mchana kweupe, ingawa wake ulitokana na umri.