Mkojo unapogoma mbele za watu

Kondakta akitangaza "Wa kuchimba dawa, dakika kumi!" mimi nilikuwa nafumba macho na kujifanya nimelala. Basi la Tanga kwenda Dar limeshapita Segera, abiria wanateremka, na mimi tangu stendi ya Kange, Tanga, sijatia hata tone la maji mdomoni. Si kwamba sikubanwa. Nimebanwa mpaka jasho linanitoka. Ila nikijua kuna mtu nyuma yangu, au anasubiri mlangoni na kopo lake, mkojo haushuki. Ulianza hivyo bwenini, na nilifika miaka thelathini na minne sijamwambia yeyote, hata mke wangu.

Tatizo hili lina jina la kitabibu, parurisisi (kwa Kiingereza, paruresis). Watafiti wa Marekani walilipa jina hilo mwaka 1954, na madaktari wanalihesabu katika kundi la hofu ya kuwa mbele za watu. Si kurogwa, wala si upungufu wa nguvu za kiume, ingawa mimi nilishayawaza yote mawili. Mwili ukiingiwa na hofu hutoa kemikali iitwayo adrenalini, na msuli unaofunga kibofu unakaza. Msuli huo hauamrishwi. Ukijikamua ndiyo kwanza unazidi kukaza, maana hofu inapanda.

Lakini kabla hujajihesabu kuwa mwenzangu, nenda kapime. Kwetu pwani kichocho kipo, na wanaume wenye umri mkubwa husumbuliwa na tezi dume. Mkojo wenye damu, unaouma, au unaotoka kwa shida hata ukiwa peke yako chooni kwako, hayo ni ya daktari. Mwenye tatizo langu akiwa peke yake anakojoa vizuri kabisa. Na kibofu kikijaa kikauma, na hata nyumbani hakuna kinachotoka, usingoje kukuche. Wahi hospitali wakuwekee mpira wa kutoa mkojo.

Kilichonichosha kuficha ni kupima afya kwa ajili ya ajira. Nilipewa kikopo na kuelekezwa chumba chenye pazia badala ya mlango. Chini ya pazia niliona viatu vya watu waliopanga foleni: makubadhi, raba, kandambili za bluu. Nilikaa nikivitazama mpaka mhudumu akaita kwa sauti, "We baba, mkojo tu umekushinda?" Niliacha kikopo kikavu dirishani nikaondoka. Ile kazi sikurudi kuiulizia.

Miaka miwili baadaye, nikiwa masomoni Uingereza, nilikwenda kwenye warsha ya mwisho wa wiki ya watu wenye shida hii. Ijumaa jioni tulikaa duara, watu tisa, kila mmoja akaeleza yake. Mzee mmoja, umri wa babu yangu, alisema hajawahi kupanda ndege na mkewe. Ilipofika zamu yangu sauti ilitetemeka, nikasema. Hakuna aliyecheka. Nawaambia kweli, usiku ule nililala kama mtu aliyetua gunia la chumvi kichwani.

Kesho yake ndipo kazi ilipoanza. Kila mmoja aliandika ngazi yake, kutoka choo rahisi kuliko vyote mpaka kile asichoweza hata kukifikiria. Unakunywa maji mpaka ubanwe sawasawa (usipitilize, maji mengi mno kwa mkupuo yana hatari yake). Mwenzako anasimama mbali. Ukianza kukojoa, unaacha utoke kidogo, sekunde tatu hivi, unaukata. Mnapumzika dakika chache, yeye anasogea hatua moja, unarudia. Ukigoma, hulazimishi. Anarudi nyuma pale ulipoweza. Mwili unajifunza kwa kurudiarudia kwamba mtu yupo na hakuna baya lililotokea.

Niliporudi Tanga niligundua ngazi ya kule haikunifaa. Kule tulisimama ukutani, huku tunachuchumaa na kopo, na mlango ni bati lenye tundu. Nikaandika upya kwa vyoo vyetu. Mke wangu nilimweleza siku ya pili, akanishika mkono tu. Mwenza wa mazoezi alikuwa mtoto wa mjomba, mdogo wangu kwa miaka sita. Nilimwita barazani kwa mama nikamwambia yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa kaka, mimi nisimame wapi?"

Alianzia chini ya mwembe, getini. Kila akisogea alikuwa anakohoa, nijue alipo: mwembeni, kisimani, kwenye karo, mwishowe mlangoni akigongagonga ndoo kama mtu mwenye haraka. Uani pekee tulitumia Jumamosi saba. Kama huna wa kumwambia, mtafute huyo kwanza, kabla ya mbinu yoyote, maana peke yako utabaki kwenye kidato kile kile cha ngazi ulichokwisha kukiweza. Akiwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, vizuri zaidi.

Baadaye tukaenda vyoo vya msikitini baada ya watu kutawanyika, kisha kabla hawajatawanyika. Choo cha uwanja wa mpira wa Mkwakwani wakati wa mapumziko, Coastal Union wakiwa nyumbani, bado sijaweza. Nimejaribu mara mbili. Kipo juu kabisa ya ngazi yangu na sikifukuzii.

Mwezi uliopita nilipanda basi tena kwenda Dar. Kondakta alipotangaza, niliteremka na wenzangu, nikapata kichaka hatua tano kutoka kwa mzee wa kanzu aliyekuwa akizungumza na simu. Kwanza kimya. Nikashusha pumzi, nikalegeza tumbo, nikangoja bila kujikamua. Ukashuka. Kurudi nilinunua chupa ya maji dirishani, nikainywa yote kabla basi halijaondoka.