Mteja ni mzee, si anayelipa ada

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanasheria wa wazee kule Marekani hufanya nini ambacho wakili mwingine hafanyi?

Kwanza, anajua mteja wake ni nani. Mara nyingi mtoto ndiye anayepiga simu, anayemleta mzazi na anayelipa ada, lakini mteja ni mzee. Kwa hiyo katika kikao cha kwanza jamaa hutoka nje kwa muda, mlango unafungwa, na mzee anaulizwa: una mali gani? Watu wako ni akina nani? Unataka nani akushikie mambo yako, na kwa nini yeye? Kusahau tarehe ya leo hakumnyimi mtu haki ya kuandika wosia, mradi aelewe alicho nacho, wanaostahili kumrithi na maana ya anachosaini. Wengi akili zao huwa nyepesi asubuhi, kwa hiyo miadi haifai kuwekwa jioni. Kikao hicho cha faragha kikirukwa, ndugu mmoja atakuja kudai mahakamani kwamba mzee alishinikizwa, na ushahidi wa kumjibu utakosekana.

Hati inayoziokoa familia nyingi ni ya uwakala wa kudumu, yaani unaoendelea hata mzee akipoteza uwezo wa kuamua. Ikichelewa, kinachobaki ni kuiomba mahakama imteue msimamizi, njia ndefu na ya gharama. Watu pia hudhani hati hiyo inafungua kila mlango. Idara ya Hifadhi ya Jamii, inayolipa pensheni ya serikali, haiitambui. Anayetaka kupokea mafao ya mzazi lazima aombe idara yenyewe imteue.

Panapoumiza zaidi ni kwenye Medicaid, mpango wa serikali unaowalipia wasio na uwezo gharama za vituo vya uuguzi. Katika majimbo mengi, ombi likiwasilishwa, hukaguliwa zawadi zote za miezi 60 iliyopita. Tuseme mzee alimpa mwanawe dola 60,000, na jimbo linakadiria kituo kuwa dola 10,000 kwa mwezi: atanyimwa malipo kwa miezi 6. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2006, adhabu hiyo haihesabiwi tangu siku ya zawadi. Huanza mzee akiwa tayari anahitaji kituo, pesa zimekwisha, ombi limeshapelekwa. Ndiyo maana kumwandikisha mtoto nyumba kwa ushauri wa jirani ni hatari kubwa. Na inauma zaidi kwa kuwa sheria yenyewe ina nafuu: mtoto aliyeishi na mzazi katika nyumba ya mzazi kwa angalau miaka 2 kabla mzazi hajaingia kituoni, akamtunza hata mzazi akaweza kubaki nyumbani, anaweza kupewa nyumba hiyo bila adhabu. Uthibitisho wa daktari na wa makazi ukusanywe mapema.

Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ni kitu tofauti na Medicaid. Medicare ya asili, yaani inayoendeshwa na serikali yenyewe na si kampuni binafsi, hulipia kituo cha uuguzi hadi siku 100, 20 za kwanza zikilipwa zote, iwapo mgonjwa alilazwa hospitalini siku 3 mfululizo. Mzee anaweza kulala kitandani siku hizo zote akiwa ameandikwa "chini ya uangalizi" tu, na hazihesabiwi. Familia iulize siku ya kwanza kama amelazwa rasmi, na kama bado, imwombe daktari abadilishe hadhi hiyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka.