Mwana akilia nami nimo ndani ya swala

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Ustadh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni hapa Lamu. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, na mdogo wake wa kiume ana miezi mitano, bado ni ziwa tupu. Kabla ya kuzaa nilikuwa nikiamka usiku kuswali, nikisoma juzuu yangu kila siku, na tarawehe hazikunipita. Sasa najiona kama mtu asiye na dini. Usiku kucha ni kunyonyesha na kubembeleza. Nikishajitoharisha, mtoto ananicheulia au ananikojolea. Nikihirimia swala, huyu mkubwa ananipanda mgongoni na mdogo analia mpaka sauti inamkauka. Juzi adhuhuri ilinitoka nimelala, mtoto yuko kifuani. Siku hiyo hiyo nilimzaba binti yangu kofi kwa kumwaga uji, kisha nikajifungia chooni nikalia.

Mume wangu ni seremala, mtu wa swala tano msikitini, lakini akirudi hukaa barazani mpaka isha. Nikilalamika husema kulea ni kazi ya mwanamke, na kwamba mimi nimekuwa mvivu wa ibada. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, naye ataka nimfunge mtoto mkononi mvuje, ule utomvu wenye harufu kali wa kukinga kijicho, na nimlambishe asali ili alale. Na jengine naona haya kuliuliza: wiki iliyopita nilicheka ndani ya swala kwa sababu ya binti yangu. Swala yangu ilisihi?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mke wangu. Pale pa choo alinyamaza kimya, kisha akaniambia: "Huyu mjibu vizuri, usimjibu kama ulivyonijibu mimi mwaka ule." Mwaka ule nitaueleza huko mbele, kwa kuwa unamhusu mumeo zaidi kuliko wewe.

Wewe unaona kana kwamba dini ilikuwa imetulia chumbani na mswala na msahafu wake, halafu watoto wakaingia kuivuruga. Hebu fungua kitabu chochote cha fiqhi (sheria za dini) mlango wa tohara, hata vile vidogo tunavyosomesha chuoni. Utakuta mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula umepewa hukumu yake peke yake. Hukumu hiyo ilitoka wapi? Bibi mmoja, Ummu Qays binti Mihsan, alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (s.a.w.), Mtume akampakata mapajani, mtoto akamkojolea. Akaagiza maji, akayanyunyiza pale palipoloa, wala hakuifua nguo. Bukhari na Muslim wameipokea. Hukumu tunayoifuata leo imeanzia kwenye nguo ya Mtume iliyokojolewa, na hakukunja uso.

Basi kwa mwanao huyu wa miezi mitano, maadamu chakula chake ni maziwa na hajatimiza miaka miwili, sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, twasema: kausha ule unyevu kwanza, kisha nyunyiza maji mpaka yaenee mahali pote palipoingia mkojo. Si lazima yatiririke, wala hulazimiki kubadili nguo. Siku atakapoanza kula uji kwa ajili ya kushiba, ruhusa hiyo itakwisha na utaosha kama unavyoosha vya dada yake. Wa mtoto wa kike huoshwa tangu mwanzo. Ama kucheua, hayo ni matapishi na katika madhehebu yetu ni najisi, ila kile kinachobaki mdomoni mwa mtoto kikagusa ziwa lako umesamehewa, kwa sababu mama hana pa kukikimbia. Kilichomwagika begani kioshe. Tundika leso moja safi nyuma ya mlango, iwe ya swala tu, mtu asipangusie kitu. Mke wangu alizaa sita na leso ile ndiyo iliyomwokoa.

Sasa swala yenyewe. Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu huku amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab, akisujudu humweka chini, akiinuka humchukua. Siku nyingine alirefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea. Alipotoa salamu akawaambia kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha mpaka akidhi haja yake. Haja ya mtoto ile ilikuwa kupanda farasi tu! Tena akasema kwamba huingia katika swala akitaka kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kujua jinsi moyo wa mama yake unavyoumia. Huyo ni imamu, nyuma yake wameswali akina Abu Bakr na Umar, na swala ya wote hao inafupishwa kwa kilio cha mtoto mmoja ambaye jina lake hatulijui.

Kwa hiyo swali nawe hivyo hivyo. Soma Alhamdu na sura fupi, rukuu yenye utulivu, sijda yenye utulivu, basi. Mtoto akilia na hana hatari, fupisha. Akikupanda, tulia kidogo kisha mshushe taratibu. Mtikiso mmoja au miwili haibatilishi, ila usifuatanishe mitatu mikubwa. Kupita mbele yako hakuharibu kitu. Nepi ukijua ina uchafu, usimbebe ndani ya swala, ibadilishe kabla ya takbira. Usipojua, usiichungulie, maana asili ya vitu ni tohara.

Na lipo la wajibu ambalo kina mama wengine huliogopa. Nyumba zetu hizi za mawe, ngazi zake ni wima kama za kupandia mnazi, na birika la chooni huwa limejaa maji. Ukimwona mtoto anaielekea ngazi, au umesikia maji yanachezewa, kata swala na ukimbie. Hata kama ni faradhi, hata kama umebakisha tahiyatu. Utaianza upya. Kukaa ukimaliza swala ilhali mtoto yuko hatarini ni dhambi, na mimi sijui imamu aliyesema vingine.

Adhuhuri iliyokutoka umelala, ilipe unapoamka na usijilaumu, kwani Mtume amesema aliyelala akapitwa na swala au akaisahau, aiswali anapoikumbuka. Lakini hapa sitakuachia mlango wazi. Ukijua usingizi utakuzidi, iswali adhuhuri mapema tu wakati unapoingia, au mwambie mtu akuamshe. Kuna wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali waliomruhusu mama anyonyeshaye kujumuisha swala mbili akitaabika kuosha najisi kila wakati. Ni kauli ya watu wakubwa, nami simkemei aliyeifuata siku ya dhiki kweli. Isiwe ndio desturi ya nyumba.

Ramadhani, kwa ufupi: ukihofia nafsi yako, au nafsi yako na mtoto, utafungua na utalipa siku. Ukimhofia mtoto peke yake, utalipa siku na utatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku uliyofungua.

Ile juzuu yako itarudi. Kwa sasa, unapokaa kitandani saa nane za usiku na mtoto ananyonya, ulimi wako hauna kazi. Fatima, binti wa Mtume, alikwenda kuomba mtumishi kwa jinsi mikono ilivyomchubuka kwa kusaga. Hakupewa mtumishi. Alifundishwa yeye na Ali waseme kabla ya kulala subhanallah 33, alhamdulillah 33 na Allahu akbar 34. Zamani nilikuwa nikiisoma hadithi hii kama habari ya nyuradi, yaani dhikiri za kila siku. Tangu nianze kupokea barua kama yako, naisoma kama habari ya mama aliyechoka ambaye babake alimjia mpaka kitandani kumsikiliza.

Kwa kofi sitakubembeleza. Mtoto wa miaka mitatu hana taklifu, yaani hajafikia umri wa kuwajibishwa na sheria. Uji ukimwagika umemwagika. Bibi Aisha amesema Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, na Anas aliyemtumikia miaka kumi hakuambiwa hata "uff". Mwite binti yako, mpakate, mwambie mama amekosa. Usione haya kumwomba radhi mtoto. Lakini kile kilio cha chooni nakichukulia kwa uzito. Ikiwa huzuni inakujia kila siku, huli, hulali hata mtoto akilala, au unaogopa kwamba utawadhuru watoto au kujidhuru, huo si uhaba wa imani. Ni maradhi yanayowapata wanawake waliozaa, na yana dawa. Nenda kliniki unakompimia mtoto uzito, mweleze muuguzi kama ulivyonieleza mimi, na usiende peke yako.

Nakuja kwa mumeo, na maneno haya msomee.

Ndugu yangu, nilipopata mtoto wa kwanza nilihamia chumba cha nje. Hoja yangu ilikuwa kwamba naswalisha alfajiri, nahitaji usingizi. Miezi minne nililala vyema. Usiku mmoja stima zilikatika, ni wakati wa joto, upepo wa kaskazi umelala, nikaamka kunywa maji. Nikamkuta mke wangu amekaa sakafuni, mtoto amelazwa miguuni pake, mkono mmoja unapepea kwa kipepeo cha miyaa na kichwa kimeangukia ukutani. Amelala, na mkono bado unapepea. Nikamuuliza, mbona hukuniita? Akanijibu: "We si una swala." Nilimjibu neno la kipumbavu, kwamba malipo yake yako kwa Mungu. Ni kweli yako huko, lakini kipepeo kilikuwa mkononi mwake nami nina mikono miwili.

Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Wewe umeshika nusu ya pili ya hadithi, ya kutoka kwenda msikitini, na Mungu akuthibitishe hapo. Nusu ya kwanza ndiyo inayokungoja baina ya magharibi na isha. Baraza haitahama. Mchukue binti yako mkono uende naye, au mbebe huyu mchanga begani mpaka mama yake aswali na kuoga bila kugongewa mlango. Mbedui mmoja, al-Aqra bin Habis, alimwona Mtume akimbusu mjukuu, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akaambiwa asiyerehemu harehemewi. Unaweza kumchongea mtu mlango wa nakshi miezi mitatu bila kuchoka, basi na mwanao mchanga vumilia saa moja tu.

Tena kumwambia mvivu wa ibada mwanamke ambaye Qurani imemtaja, "mama yake alimbeba kwa udhaifu juu ya udhaifu", katika Surat Luqman, ni ulimi wa kuuchunga.

Mavyaa wako, mwanangu, mpe heshima yake. Amelea kabla yako, na hofu yake ya kijicho si upuuzi, kwani hadithi imethibitisha kuwa jicho ni haki. Lakini kinga aliyotufundisha Mtume ni maneno. Alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa kusema: najikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani na mdudu mwenye sumu, na kila jicho lenye kudhuru. Mwombe mavyaa awe ndiye msomaji, kila magharibi, mtoto akiwa mapajani pake. Wakati huo wa magharibi ndio tulioamrishwa kuwazuia watoto ndani, kwa hiyo atakuwa amekusaidia mara mbili. Mvuje ni harufu tu, hauzuii kadari, na uzi wa mkononi mtoto atautia kinywani. Wanja wa machoni nao uache, maana mwingine una madini ya risasi.

Asali ni ponyo kwa nassi (maneno yenyewe) ya Qurani, hilo halina mjadala, ila kila dawa ina umri wake. Asali huweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haliwezi kuvishinda, vikamlegeza mwili mpaka pumzi ikawa taabu. Mpaka miezi sita ziwa lako linamtosha, hata maji hayahitaji. Mwambie mavyaa kwamba Ustadh ameomba asali ile umpe wewe mnyonyeshaji, na mkate wa mofa. Hatakataa.

Limebaki la kucheka. Mwishoni mwa barua umenieleza kilichotokea: binti yako alitandika leso yake mbele yako akielekea mlangoni badala ya kibla, akasujudu kichwa kikagonga sakafu, akainuka akasema "Allahu akbar, aah!", kisha akamwita paka: "Ndoo tuswali." Mimi nilicheka niliposoma, na sikuwa ndani ya swala.

Hukumu yake: tabasamu halibatilishi. Kicheko chenye sauti, zikidhihirika herufi mbili (kama "ha"), hubatilisha swala, isipokuwa kimekushinda kabisa na kikawa kidogo, hapo umesamehewa. Udhu haukutenguka kwetu sisi Mashafii. Wewe wasema ulishindwa, ukaziba mdomo na ukaendelea. Kama ni hivyo, swala yako ni sahihi. Kama unakumbuka ulicheka mpaka mtoto akageuka kukutazama, iswali ile moja tena. Na kesho mtandikie leso yake ubavuni pako, umwelekeze kibla mwenyewe. Paka mwacheni.

Wallahu aalam.