Aina za nomino za Kiingereza: hapa ndipo watoto wetu wanapopoteza maksi

Mkuu, umesema kijana wako wa Kidato cha Kwanza anazighani aina za nomino bila kukosea, "proper, common, collective, abstract", lakini insha zake zinarudi zimejaa wino mwekundu, na ukauliza kama umpeleke tuition. Nina steshenari karibu na chuo, na kazi inayoniweka mjini ni kuchapa na kunyoosha barua za maombi ya kazi na ripoti za field. Kwa ninayoyaona pale, nomino dhahania (hizo "abstract") hazimwangushi mtu. Kinachotuumbua ni nomino zinazohesabika na zisizohesabika.

Barua zinakuja na "informations", "equipments", "furnitures", "thank you for your advices". Kwa akili ya Kiswahili hakuna kosa: kifaa kimoja, vifaa vingi, shida iko wapi? Mwingereza yeye "equipment", "furniture" na "luggage" anazichukulia kama unga, vinazolewa kwa pamoja. Ukitaka kuhesabu, utafute kipimo kwanza: "a piece of advice", "a loaf of bread", "a bar of soap". Hiyo ya sabuni ataidaka haraka, maana hata dukani kwa Mangi anaagizwa mche wa sabuni. "Money" nayo huwakera wengi, kwamba pesa tunazihesabu kila siku, iweje isihesabike? Zinazohesabika ni shilingi, noti na sarafu.

Ngeli zetu zinachangia. Tunasema maji yamemwagika kama tunavyosema mayai yamevunjika, upatanisho ni uleule, kwa hiyo mtoto akiandika "the water are" msimshangae sana. Halafu Kiingereza chenyewe kina ukorofi wake: "news" ina s mwishoni lakini ni "the news is", "police" haina s lakini ni "the police are".

Na asikariri kwamba neno fulani ni la upande huu milele. "I ate chicken" ni nyama ya kuku tu. "I ate a chicken" maana yake kamaliza kuku mzima peke yake, na wapo wanaoandika hivyo kwenye insha za sikukuu! Nywele za kichwani zote ni "hair", na kitenzi ni cha umoja; unywele mmoja ukiuona kwenye supu, huo ni "a hair".

Nomino za makundi ("collective") hazina mambo mengi. Ile "staffs" tunayoipenda kwenye vibao vya maofisini aiache. Mfanyakazi mmoja ni "a member of staff". Kuhusu timu, Waingereza husema "the team are" au "the team is", Wamarekani hupendelea "is". Achague moja asiichanganye.

Nomino za pekee ("proper"), herufi kubwa anaijua. Amwangalie huyo "the": "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro" hazimtaki, lakini "the Indian Ocean", "the Rufiji River" na "the Usambara Mountains" zinamtaka. Ziwa moja au mlima mmoja unasimama wenyewe. Bahari, mito na safu za milima zinambeba.

Tuition uliyoulizia, mimi ningeisubirisha kwanza. Mnunulie kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, kama ile ya Cambridge, inayoweka C kwenye nomino inayohesabika na U kwenye isiyohesabika. Vile vikamusi vya mfukoni vya tafsiri tupu havimwambii hilo. Kisha achukue insha zake za zamani, apigie mstari kila nomino aliyoitia s ya wingi au aliyoitanguliza "a", na azitafute moja moja humo. Akikuta "trouser" na "scissor" alizoziandika kwa umoja, atashangaa kuona kamusi inataka "trousers" na "scissors" hata kama ni suruali moja na mkasi mmoja.